Desemba nampeleka mama Tanga: bahari, ngoma na taarab tutavipata wapi?

MwalimuKasulu

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Naomba ushauri wa wenyeji wa Tanga. Shule zikifungwa nataka kumpeleka mama yangu huko, pamoja na mke wangu na watoto wawili, mmoja darasa la tano na mwingine bado yuko chekechea. Mama ni Muha wa huku Kasulu, lakini utoto wake ulipita Tanga. Babu alikwenda kama manamba kukata mkonge, akakaa na familia kambini upande wa Amboni, wakarudi Kigoma mama akiwa binti mdogo. Tangu hapo hajakanyaga tena. Anasimulia ngoma za kambini mwisho wa juma, na anasimulia bahari. Watoto wangu wao wanajua Ziwa Tanganyika tu.

Nataka kujua ufukwe gani unafaa watoto wasiojua kuogelea vizuri, na ngoma na taarab ni wapi na siku gani. Kuna mtu wa hoteli nimeongea naye kwa simu, anasema anaweza kutuandalia ngoma ya jioni kando ya bwawa, dakika arobaini, na bei aliyotaja ni nzito kwa mshahara wa mwalimu. Je, ndiyo njia yenyewe? Na mama magoti yanamsumbua, kwa hiyo ngazi ndefu hawezi.

Natanguliza shukrani.

SomoNgamiani

Marahaba mwanangu, na mpe mama salamu zangu. Mimi ni mpambaji wa maharusi hapa Ngamiani. Kazi yangu ni hina na piko, kumsinga bibi harusi na kukaa naye mpaka atoke kwao, kwa hiyo ngoma na taarab ndimo ninamoshinda. Nitakujibu kwa urefu maana umeuliza jambo ninalolipenda.

Nianze na bahari, kwa sababu watu wa ziwa huwa hawaulizi swali la kwanza, nalo ni mwezi wa angani una siku ngapi tangu uandame. Ziwa ukiliacha jioni, asubuhi unalikuta palepale. Bahari yetu inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake zinasogea mbele kila siku karibu dakika hamsini. Mwezi ukiwa mchanga kabisa au ukiwa mpevu, hayo ni maji ya bamvua. Saa nne asubuhi yamekwenda mbali, unabaki na matope, majani ya bahari na ngalawa zilizolala ubavu, lakini saa kumi jioni yamejaa tele. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na hapo kinyume chake, saa nne asubuhi ndiyo saa ya kuogelea na wala hayatoki mbali sana. Wageni wengi hufika Raskazone saa nne asubuhi siku ya bamvua, wakaona tope, wakaondoka wakisema Tanga haina ufukwe. Angalia mwezi kwanza, ndipo upange siku.

Kwa watoto Raskazone panafaa. Maji yako ndani ya ghuba, mawimbi hayana nguvu, na kuna vilabu vya kuogelea ambako unalipa kiingilio kidogo, unapata kivuli, na watoto unawaona. Mama akae kivulini juu, asihangaike na ngazi. Sema usitegemee mchanga mweupe wa kwenye kalenda. Huo uko Ushongo, ng'ambo ya Mto Pangani, na ni safari ya siku nzima au ya kulala.

Ila hata siku ya maji kupwa usikae ndani. Wavishe watoto viatu vya plastiki, kuna wadudu wenye miiba mirefu kwenye mwamba, kisha waende wakatazame kinamama wanavyovua pweza. Mwanamke amejifunga kanga kiunoni, mkononi ana mchokoo, mti wa kuchokolea, anatembea ameinama. Haangalii pweza, maana pweza hujigeuza rangi ya jiwe na jicho halimkamati. Anaangalia tundu lenye maganda ya kaa na vipande vya kombe mlangoni, kwa kuwa pweza akila hutupa mabaki nje ya nyumba yake. Akiyaona hayo maganda mapya, anachokoa taratibu, na pweza mwenyewe anaukumbatia mti. Mwanao wa darasa la tano akiona hilo kwa macho yake hatalisahau.

Sasa ngoma. Mwanangu, hela ya yule mtu wa hoteli usiitoe. Ngoma ya dakika arobaini kando ya bwawa ni vipande vilivyokatwa huku na huku, mnakaa kwenye viti, mnapiga makofi, mnakwenda kulala. Mama yako aliiona ngoma ikiwa na shughuli yake, watu wamemaliza kazi na wanajua kwa nini wanacheza. Ukimweka kwenye kiti mbele ya bwawa, atakushukuru kwa sababu ni mwanao, lakini hutakuwa umempa alichokuwa anakisimulia.

Huku kwetu ngoma na taarab vinakaa kwenye shughuli: harusi, maulidi, kutoka kwa mwari. Mwezi wa Ramadhani hupati kitu. Ukitangulia, katika Shaabani, watu huharakisha kuoza, na baada ya Idi harusi zinafunguka tena. Mfungo Sita ni mwezi wa maulidi, dufu zinasikika mtaa hadi mtaa, na zafa inapita barabarani na watoto wamevaa kanzu mpya. Hiyo miezi inafuata mwandamo wa mwezi, haikai pamoja na kalenda ya shule, lakini Desemba watu wa Dar na wa Arusha wanarudi nyumbani, kwa hiyo kuanzia Ijumaa hadi Jumapili hukosi harusi Ngamiani, Makorora au Msambweni.

Utaingiaje? Kwa mwenyeji. Fikia nyumba ya wageni ya mtaani badala ya hoteli ya mbali, nunua vitumbua asubuhi kwa mama wa jirani, sema umetoka Kigoma na mama yako alikulia hapa. Habari hiyo itafika kwa mwenye shughuli kabla ya adhuhuri. Lakini ujue milango yetu. Kesha la wanawake ni la wanawake, mama na mkeo watakaribishwa na wewe utabaki nje. Wewe utahudhuria nikaha msikitini na kula pilau na wanaume wenzako. Na unyago wa mwari si wa kutazamwa na mtu yeyote asiyehusika, hata akitoa milioni. Akitokea mtu anakuuzia nafasi ya kuuona, mkimbie.

Kwenye taarab mfundishe mama kutunza. Abadilishe fedha mapema, noti za elfu na elfu mbili, ashike kidogo kidogo. Wimbo unapofika ubeti unaogusa jambo lake, anainuka, anakwenda polepole kwa mabega, mkono wenye noti ameuinua kidogo, anampa mwimbaji, anageuka anarudi. Asikimbie, na asitupe noti chini. Wanawake waliokaa watamwangalia ameinuka kwenye ubeti gani, na hapo tayari wameshazungumza naye.

Na ajue yuko kwenye mji wa taarab khaswa. Miaka ya 1960 na 1970 vilabu vya hapa, Black Star na kisha Lucky Star, viliingiza gitaa na besi kwenye taarab iliyokuwa ya udi na fidla, zikawa bendi ndogo zenye mapigo ya dansi, na Mombasa na Dar wakafuata. Mwimbaji Shakila binti Said alitokea kwenye vilabu hivyo hivyo. Hata kabla ya hapo mji huu ulikuwa umegawanyika kwa beni, ngoma ya mashindano ya kuiga bendi za kijeshi, Marini huku na Arinoti kule, kila upande na mavazi yake na vyeo vyake. Bibi yangu alikuwa wa Marini na mpaka anakufa hakukubali kusema jambo jema juu ya upande wa pili.

MgosiPongwe

Bi Somo, shikamoo. Mengi umesema kweli, lakini hapo kwenye kulipa siwezi kunyamaza.

Mimi nacheza kwenye kikundi cha ngoma, mdumange na nyinginezo, tumerithi kwa baba zetu Wasambaa waliokuja mjini. Ngoma zetu zina ngozi inayochanika, zina nauli, na vijana wanaoacha bodaboda mchana mzima waje wafanye mazoezi. Harusi siku hizi nyingi zinachukua spika na kijana mmoja mwenye kompyuta. Tukingoja kualikwa tu, tutamaliza mwaka tumepiga ngoma mara chache sana. Kwa hiyo mgeni anayelipa ni msaada, tena mkubwa.

Mwalimu, ukitaka, mpe fedha mwenye kikundi mkononi mwake bila kupitia kwa mtu wa kati. Njoo mtaani kwetu Jumapili alasiri tunapofanya mazoezi. Hakuna kiti cha mgeni pale, mama akijisikia anaingia uwanjani na magoti yake hayo hayo, anachezea mabega, na watoto wa mtaani watawafundisha wanao. Bei utakayotupa ni ndogo kuliko ya bwawani na yote inabaki kwetu.

Kuhusu mkonge: mpeleke mama akauone, usiishie baharini. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika mwaka 1893 ikiwa imebaki 62 mizima, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote. Wakati mama yako yuko mtoto, Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, na watu wa kuukata walitolewa mbali makusudi: Waha kutoka Kigoma, Warundi, Wangoni, Wanyaturu, Wamakonde na sindimba yao. Ndiyo maana kambini ngoma zilikuwa nyingi, kila kabila na uwanja wake. Muulize kuhusu kipande, ile kadi ya kazi ya siku 30. Akilisikia neno hilo ataanza kuzungumza mwenyewe. Huku Pongwe na Maweni bado kuna wazee wa Kiha ambao wazazi wao hawakurudi. Wapo wanaoongea Kiha na Kibondei katika sentensi moja.

Mashamba mengi yamebadilika, lakini barabara ya kutoka Muheza kuja mjini bado mnapita katikati ya mistari ya mkonge. Ukibahatika korona, yaani kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge, inafanya kazi, mtaona singa, nyuzi za mkonge, zimeanikwa kwenye nyaya, nyeupe zikielekea njano, eneo zima. Omba ruhusa getini kabla ya kupiga picha.

SomoNgamiani

Mgosi, marahaba. Mimi na wewe tunataka kitu kimoja. Mazoezi ya Jumapili mtaani, mama anaingia uwanjani, fedha inabaki kwa mwenye ngoma: hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili, na mwalimu aichukue. Ninachokikataa ni mtu wa kati kuikata ngoma ili ilingane na muda wa chakula cha jioni cha wageni, kisha wapigaji wanapewa nauli na soda. Hao vijana nawafahamu, wanarudi kwangu usiku wananisimulia.

Na hilo la spika na kompyuta linaniuma kama linavyokuuma. Kila harusi ninayoipamba, mama mzazi akiniuliza cha kufanya, namwambia punguza mapambo ya ukumbini, chukua wapigaji. Wengine wananisikia.

NahodhaKigombe

Salaam. Mimi ni mvuvi, nitaongea ya kwetu kusini tu.

Mkienda Pangani simameni Tongoni, kama kilomita 20 kutoka mjini. Ni msikiti wa kale uliobomoka na makaburi zaidi ya 40, mengi yalikuwa na nguzo za mawe zilizopambwa kwa sahani za Kichina. Mji wenyewe ulistawi karne ya 14 na 15, na Vasco da Gama alipita hapo mwaka 1498, meli yake moja ikakwama kwenye mafungu ya baharini. Ardhi ni tambarare, mama atatembea bila shida. Mtaona watu wa kijijini bado wanawasha ubani kwenye kaburi fulani. Vueni viatu mkiambiwa na msipande juu ya nguzo zilizoanguka.

Kwetu Kigombe ndiko anakovuliwa silikanti, samaki ambaye wazungu walidhani ameisha duniani tangu zama za kale sana. Kuanzia 2003 amekuwa akinaswa kwenye majarife ya papa, kina kirefu, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Msije mkiomba kumwona hai, anakaa chini sana na akitoka juu hufa. Lakini wavuvi watawasimulia: ni mzito, ana mapezi manene yenye nyama kama vikonyo, na magamba magumu. Haliwi, mafuta yake yanaharisha.

Maziwe, fungu la mchanga baharini, ni nzuri kwa watoto, ila mwende asubuhi ya maji kupwa na nahodha anayejua, kwa kuwa mchanga hutokea maji yakitoka na hupotea yakijaa. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje na kasa wakitaga. Miti iliisha, bahari ikakila, kufikia miaka ya 1980 pakawa fungu tu. Kasa bado wanakuja, mayai huhamishiwa Ushongo yasizame. Desemba ni msimu wa upepo wa kaskazi, asubuhi bahari inakuwa na adabu. Dai jaketi la kuokolea kwa kila mtoto, na kama hakuna, shukeni. Mtafute nahodha mwingine.

MwalimuKasulu

Bi Somo, Mgosi, Nahodha, sina la kuwalipa. Nimemsomea mama yote kwa sauti. Kwenye kipande akanisimamisha, akaniambia babu alikuwa anakificha kwenye mto wa kulalia, kwa sababu kikipotea siku zote alizofanya kazi zimepotea. Hiyo sikuwahi kuisikia maishani. Halafu akataka kujua kama Mgosi anaweza kumtafutia mzee yeyote wa Kiha wa rika lake.

Bado nina maswali madogo. Mapango ya Amboni mama ataweza? Anasema kambini walikuwa wanatishwa nayo. Pili, sisi ni Wakatoliki, mke wangu anaogopa kuvaa vibaya kwenye kesha. Na tule nini?

MgosiPongwe

Mwambie mama nimesikia. Nitawauliza wazee wa Maweni wiki hii, kuna bibi mmoja namfikiria.

SomoNgamiani

Amboni, mama asiingie ndani. Ni mapango ya chokaa, zipo sehemu unapita umeinama hadi karibu kutambaa, chini kunateleza, na giza lake ni giza kweli. Mwende na mwongozaji wa pale pale, kila mtu na tochi, mtoto wa chekechea abaki na bibi yake nje. Nje pana miti na hewa, hatachoka kungoja. Ni kilomita nane hivi kutoka mjini, njia ya Mombasa, bajaji inafika.

Kutishwa alikokusema nakujua. Kuna hadithi kwamba njia ya ndani inatokea Mombasa, na nyingine ya watu walioingia na mbwa, mbwa akaonekana Kilimanjaro. Watafiti wameyapima, hayafiki huko. Kilicho kweli ni kwamba miaka ya 1950 Osale Otango, aliyekuwa anasakwa na serikali ya mkoloni, alijificha humo, na watu wazima wa kambini walilijua jina lake. Mama huenda analikumbuka. Na kweli pia kwamba ndani kuna mahali pa mzimu. Utaona vitambaa, sarafu, chupa za marashi ya mawaridi na vyetezo. Hayo yamewekwa na watu wenye shida zao, wengi wanatafuta mtoto. Watoto wasiguse hata sarafu moja, na wasicheke.

Mavazi: Ukatoliki wenu hauna tatizo, nusu ya wateja wangu wa hina siku hizi ni Wakristo. Mkeo avae dera au gauni refu, kanga mbili za doti moja, moja ya kiuno na moja ya kichwa. Asije na kanga mpya isiyooshwa, haikai mwilini. Maneno ya kanga ayasome kabla ya kununua, kwenye kesha yanasomwa na kila mtu, na kanga ya mafumbo inaweza kumpelekea ugomvi usio wake. Achukue yenye dua au pongezi.

Chakula, msiondoke bila kula bada. Ni ugali wa makopa, muhogo uliokaushwa ukatwangwa na kuchekechwa, rangi yake ya kahawia, unavutika mkononi. Mnakula na samaki wa chukuchuku, ndimu na chumvi na pilipili tu, au papa wa nazi. Ninyi watu wa Kigoma mnaujua ugali wa muhogo, kwa hiyo mama hatashangaa, ila atasema wetu ni mlaini zaidi. Samaki nunueni wenyewe soko la samaki la Deep Sea asubuhi wakati vyombo vinaingia, halafu mwombe mwenye nyumba ya wageni awapikie. Changu au tasi kwa watoto, hana miiba ya kusumbua sana ukimchagua mkubwa.

Mabasi yanaishia Kange, nje ya mji. Mkishuka usiku msipande chochote mpaka mkubaliane bei, na semeni Ngamiani, mkitaja na namba ya barabara. Ukishapata tarehe, iandike hapa. Nina harusi za kupamba Desemba, na kwenye mojawapo nitamwomba mama wa bibi harusi nafasi mbili za kesha, ya mama na ya mkeo. Kwa mama nitampaka hina mwenyewe, mchana kabla ya kesha, ili ikauke vizuri. Aje na mikono isiyopakwa mafuta.